Chama Kilichovuna Faini

Wapendwa, kaeni. Somo mmelisikia, sitalirudia. Leo nimekuja na hasira, na afadhali mjue mapema, msije mkadhani mchungaji ana homa. Hasira yenyewe nitaieleza mwishoni. Kwanza nitawapa mfano, na wewe unayetafuta miwani kwenye mkoba, itafute sasa, usinikatishe katikati.

Kulikuwa na chama kimoja cha wafugaji, huko milimani, mahali pa baridi na matope kama hapa kwetu. Wanachama walikuwa mia nne, kila mmoja na ng'ombe wake wa maziwa bandani, mwingine watatu, mwingine wawili. Chama kilikuwa na kituo cha kupokelea maziwa, na ndani ya kituo kulikuwa na tangi la kupozea la lita elfu tatu. Kila asubuhi pikapu ya chama ilipita vitongojini kukusanya madumu. Maziwa yakifika yalipimwa, yakamiminwa tangini, na jioni gari la mnunuzi lilikuja kutoka mjini kuyabeba. Mnunuzi huyo alikuwa na sharti moja, na aliliandika kwenye mkataba: maziwa yakikaa chini ya lita elfu moja kwa siku, mwezi mzima, gari lake halipandi tena mlima ule.

Juu kabisa, barabara inapoishia, alikaa mjane mmoja mwenye ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa shamba lake, ndiye mume, ndiye bima. Wa vitongoji vya chini wangeweza kuuza maziwa yao kwa wachuuzi wa pikipiki wanaopita barabara kuu. Kwa mjane hakuna mchuuzi aliyepanda. Chama kikifa, maziwa yake yangebaki ya kumwagia paka. Mkumbukeni huyo mama, maana wenzake walimsahau.

Sasa chama hiki kilikuwa kimeponea chupuchupu. Meneja wa kwanza alikuwa mtu wa watu, mwenye huruma mpaka inamwagika. Kukiwa na msiba, pikapu ya chama inabeba waombolezaji. Kukiwa na harusi, pikapu inabeba masufuria. Ukimwuliza dizeli ya mwezi ni shilingi ngapi, anacheka na kukuuliza hali ya watoto. Walimpenda sana, mpaka siku mwenye kituo cha mafuta alipoizuia pikapu na maziwa yakachachia njiani. Kwa hiyo nisikie mtu akitoka hapa leo na kwenda kusema mchungaji amefundisha kwamba hela si kitu. Nitamfuata mpaka kwake.

Wakamwondoa mtu wa watu, wakaajiri meneja wa pili. Huyu alikuwa nadhifu, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Na hakuwa mwizi. Nasema mapema kwa sababu nawafahamu, mmeshaanza kumtafutia wizi. Huyu hakula hata senti. Ukutani kwake alibandika karatasi yenye maandishi makubwa: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali nzuri, ya kweli, na yeye aliishi kwayo. Tatizo ni kwamba alijua daftari la aina moja tu.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutazama dizeli. Pikapu ilikuwa inakwenda safari mbili kila asubuhi: saa kumi na mbili vitongoji vya juu, saa mbili vitongoji vya chini. Akauliza kwa nini gari lipite mara mbili njia ileile. Akafanya safari moja, saa nne, ili madumu yote yawe tayari yamepangwa barabarani. Dizeli ikapungua karibu nusu. Kisha akawatazama kina mama wawili waliokuwa wakiosha madumu kwa maji ya moto, akaona kuni, akaona mishahara, akawaaga kwa heshima. Kila mtu akaoshe dumu lake nyumbani. Gharama zikashuka tena. Bodi ya chama ikakutana, mwenyekiti akasoma karatasi, na wajumbe wakampigia meneja makofi.

Haya, nyinyi mnaofuga, niambieni. Maziwa yaliyokamuliwa saa kumi na moja alfajiri, yamekaa kwenye dumu lililosuuzwa kwa maji ya baridi, yanasubiri barabarani mpaka saa nne na jua limeshapanda. Yanafika vipi? Mnatikisa vichwa. Hata mtoto wa chekechea angetikisa kichwa. Lakini karatasi iliyosomwa kwenye bodi haikuwa na mahali pa kuandika saa, wala harufu. Ilikuwa na mahali pa shilingi.

Pale mlangoni mwa kituo alikaa dada mmoja mpokeaji wa maziwa. Kazi yake ilikuwa kuchota maziwa kidogo kutoka kila dumu, kuyachanganya na spiriti kwenye kichupa, na kutazama. Yakitulia, yanapokelewa. Yakifanya mabonge, yamekatika, na dumu linarudi kwa mwenyewe. Dada huyu alikuwa na daftari lake, la jalada jekundu, ambalo hakuna aliyemwagiza aliandike. Aliandika lita zilizoingia, madumu yaliyokataliwa, saa pikapu ilipofika, na majina ya wanachama ambao hawakuonekana siku hiyo. Mwezi wa tatu tangu safari ya asubuhi ikatwe, alilichukua daftari akaenda ofisini.

Akamweleza meneja kwamba zamani alikuwa anakataa madumu matano, sita kwa siku. Sasa yamefika sitini. Meneja alilipokea daftari vizuri tu, akalifungua, akapitisha kidole ukurasa mzima kutoka juu mpaka chini, akageuza, akapitisha tena.

"Dada, hapa sioni shilingi," akasema.

"Si ya shilingi, meneja. Ni ya maziwa."

"Basi niletee yakishakuwa shilingi."

Mmesikia jibu hilo? Niletee yakishakuwa shilingi. Ni sawa na mtu anayemwambia daktari, usinieleze homa, nieleze utakaponiletea bili ya jeneza. Ananiudhi mtu huyu, na ananiudhi zaidi kwa sababu alikuwa mpole na wala hakufoka. Angefoka, labda yule dada angekasirika akaenda mbele zaidi. Badala yake alishukuru, akarudi mlangoni, akaendelea kuandika.

Lakini meneja hakulipuuza kabisa lile neno. Alikaa akalifikiria, na kesho yake akaja na dawa. Kama madumu sitini yanakataliwa, akasema, maana yake wanachama ni wachafu. Tuwafundishe usafi. Kila dumu litakalokatika, mwenye dumu atakatwa faini ya shilingi elfu moja kwenye malipo yake. Bodi wakatazamana. Nani atasimama hadharani kupinga usafi? Wakapitisha.

Mwisho wa mwezi karatasi ikasomwa, na kulikuwa na mstari mpya: mapato mengineyo. Faini zilikuwa nyingi. Faida ilipanda. Wakapiga makofi.

Wanachama wa chini hawakugombana na mtu. Watu wetu hawagombani, wanaacha kuja. Saa moja asubuhi mchuuzi wa pikipiki anapita, anatoa bei ndogo lakini anachukua maziwa yangali na joto la ng'ombe, na hamkati mtu kitu. Wakaanza kumpa yeye. Kituoni madumu yakapungua. Na meneja alipoona maziwa yamepungua, je, alikwenda kumwuliza hata mwanachama mmoja kisa ni nini? Hakwenda. Aliweka faini ya pili. Mwanachama ambaye hataleta maziwa wiki nzima, atakatwa elfu tano kwenye hisa zake alizoweka chamani.

Naomba mnifuatilie vizuri hapo, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Tangu siku hiyo, dumu likichacha, chama kinapata. Mwanachama akikimbia, chama kinapata zaidi. Kila kilichooza kikawa kinaingia kwenye karatasi kama mavuno. Kadiri chama kilivyokuwa kinakufa, ndivyo karatasi yake ilivyonenepa. Na hesabu ilikuwa sahihi, wapendwa. Hata mkaguzi aliyetoka wilayani alisema hajawahi kuona vitabu safi kama vile.

Yule mjane wa juu hakukimbia, maana hakuwa na pa kukimbilia. Pikapu ilipoacha kumfuata asubuhi, alianza kubeba dumu lake kichwani, akateremka mwenyewe kwa miguu gizagiza la alfajiri, ili maziwa yafike kabla hayajakatika. Na hata hivyo mara nne alikatwa elfu moja. Alilipa. Aliamini kosa ni lake, akanunua sabuni nyingine.

Ukafika mkutano mkuu wa mwaka. Hapo wanachama walijaa, maana mkutanoni kuna wali na nyama, na kwenye wali hakuna mwanachama aliyewahi kuwa mgonjwa. Meneja akasimama na kusoma. Gharama zimeshuka kwa theluthi. Mapato yamepanda. Faida ni kubwa kuliko mwaka wowote tangu chama kianzishwe. Mwenyekiti akaongoza makofi, na watu mia nne wakapiga makofi kushangilia hela zilizotolewa mifukoni mwao wenyewe. Nikifika hapo kwenye mfano huu huwa natamani kukaa chini nilie.

Makofi yalipoisha, mjane akanyoosha mkono. Mwenyekiti hakumwona, au alimwona. Mama akasimama hivyohivyo.

"Mwanangu meneja, umesoma vizuri. Mimi naomba kuuliza kidogo tu. Maziwa ni lita ngapi?"

Meneja akatazama karatasi yake. Akageuza ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza. Hakuwa anaficha. Alikuwa anatafuta kweli, na haikuwemo. Mwishowe akamtazama yule dada mpokeaji, aliyekuwa amekaa karibu na sufuria za wali na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki. Dada akasimama, akafungua. Akasema mwaka jana mwezi kama huu walipokea lita elfu mbili na mia nane kwa siku. Jana walipokea mia moja na kumi.

Mwenyekiti akauliza, kama hizo ndizo lita, hii faida kubwa imetoka wapi. Kila mmoja alikuwa anafanya hesabu ya faini zake moyoni.

Meneja akasema polepole kwamba basi watarekebisha, watarudisha safari ya asubuhi, kuanzia Jumatatu. Na dada mpokeaji akamwambia kwamba mnunuzi alipiga simu juzi. Mwezi mzima umeisha tangi likiwa chini ya lita elfu moja. Gari halitapanda tena.

Mjane alikuwa bado amesimama. Hakumgeukia meneja. Alimgeukia yule dada.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu, mama."

"Ukamwambia nani?"

"Nilimwambia meneja mara moja. Baada ya hapo niliandika."

"Uliandika," mama akasema, akachukua kitambaa chake, akaanza kupanda mlima kwenda kumkamua ng'ombe ambaye maziwa yake hayana tena mnunuzi.

Mfano umekwisha. Sasa msininunie, tuzungumze.

Najua mmeshamhukumu meneja. Mhukumuni, lakini mkimaliza mtazameni na yule dada, maana kanisani tunao wengi wa aina yake kuliko wa aina ya meneja. Alikuwa na ukweli wote mkononi. Alijua jina la kila aliyeacha kuja. Na alikuwa na kalamu. Lakini hakuwahi kukaa hata jioni moja akapiga hesabu kwamba madumu sitini kwa siku ni hasara ya kiasi gani, aipeleke kwa mtu anayesikia lugha ya hasara. Hakwenda kwa mwenyekiti. Hakumnong'oneza mjumbe. Alisikitika kwa mwandiko mzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi unayaficha hata kwenye daftari, kama hulifungui mbele ya watu.

Chama kile kilikuwa na madaftari mawili, na yote mawili yalisema kweli. Moja lilisema hela zilizoingia na kutoka. La pili lilisema maziwa yanafika saa ngapi, yakiwa na hali gani, na nani hajaonekana. Ulihitajika ukurasa mmoja tu wenye vyote viwili, usomwe mbele ya bodi ileile siku ileile. Mjumbe angeona dizeli imeshuka mstari wa kwanza, akateremsha jicho akaona madumu yaliyokataliwa yamepanda mstari wa pili, na akili yake mwenyewe ingemwambia. Hata mimi ambaye hesabu za sekondari zilinitoa machozi ningeelewa. Meneja wa kwanza alijua watu na hakujua hela, chama kikakwama barabarani. Wa pili alijua hela na hakujua maziwa, chama kikafa kikiwa kimenona. Mnataka wa tatu wa namna gani? Maana nyinyi ndio mnaoajiri. Wewe mwenye duka la vipuri hapo, wewe mkuu wa shule, wewe msimamizi wa kiwanda cha chai, wewe mama mwenye mashine ya kukoboa, karatasi mnayoletewa mwisho wa mwezi ina nini zaidi ya shilingi? Umewahi kuuliza wateja wangapi waliondoka bila kuhudumiwa? Umewahi kuuliza fundi wako mzuri aliacha kazi kwa sababu gani? Au na wewe unasubiri yakishakuwa shilingi?

Sasa nije kwenye hasira yangu.

Jumapili iliyopita, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nilisimama hapa mbele nikatoa kombe kwa jumuiya iliyoongoza kwa mfuko wa fedha usharika mzima. Ni Jumuiya ya Kilimani. Laki sita na arobaini elfu kwa mwaka. Mlipiga makofi, vigelegele vikapigwa, na mhazini wetu akasema jumuiya nyingine ziige mfano. Mimi nikacheka kwa furaha, nikapeana mikono.

Jumatano nikasema ngoja niende kuwapongeza kwenye ibada yao ya jumuiya. Nikafika saa kumi na nusu jioni. Viti vimepangwa ishirini na vinne. Biblia iko mezani. Tulisali watu wawili, mimi na mwenye nyumba, Bibi Tupokigwe. Aliniomba radhi kwamba uji amepika mwingi. Nikamwuliza wengine wako wapi, akasema, baba mchungaji, siku hizi wanatuma. Nikauliza wanatuma nini. Akanionyesha kibati cha kutunzia fedha za jumuiya. Asiyekuja analipa faini elfu moja, na wote ni waaminifu sana katika kulipa. Wanatuma kwa simu kabla ibada haijaanza, bibi anazitoa na kuzitia kibatini. Ule mfuko mliopigia makofi ni wa watu wasiokuja. Tumeupa kombe utoro.

Na mimi ndiye niliyetoa kombe. Kila mwezi naletewa karatasi ya jumuiya zote, natazama safu ya hela, natia sahihi. Mahudhurio yapo, yameandikwa ukurasa wa nyuma. Mwaka mzima sikugeuza karatasi. Kwa hiyo hasira hii ianze na mimi, ndiyo ije kwenu.

Naomba wanajumuiya wa Kilimani wasimame tuwaone.

Namwona Bibi Tupokigwe. Asante, bibi, umesimama, sasa kaa, magoti yako nayajua. Nasubiri wengine. Msitazamane. Hakuna haja ya kujificha nyuma ya nguzo, majina yenu yote ishirini na tatu ninayo, yameandikwa vizuri kabisa, kwenye stakabadhi za faini. Mwaka mzima yule bibi amepanga viti vyenu, ameviondoa mwenyewe, na nyinyi mmemlipa ili msimwone. Mgonjwa aliumwa mtaa ule miezi miwili, hamkujua, kwa sababu kibati hakiwezi kuuliza fulani yuko wapi. Kibati kilipokea elfu yake kikanyamaza.

Kuanzia leo faini za jumuiya zimefutwa, zote, na mhazini asinitazame hivyo, tutazungumza. Sadaka itasomwa kama kawaida, maana paa hili haliezekwi kwa nyimbo. Lakini haitasomwa tena peke yake. Ikisomwa hela, pumzi ileile isome na waliokuja, na wagonjwa waliotembelewa, na majina ya wasioonekana mwezi huu, ili atoke mtu hapa na kwenda kubisha hodi. Na siku moja hela zikiwa nyingi na viti vikiwa vitupu, msipige makofi. Mniulize.

Ibada ya Kilimani ni Jumatano, saa kumi na nusu jioni, kwa Bibi Tupokigwe. Nami nitakuwepo. Atakayechelewa asitume chochote. Aingie, avute kiti, akae.